Kisukari: Usichunge miguu na macho ukasahau fizi

Na Mwandishi Wetu, Mpanda

Mtu akifika miaka 45 au 50 meno yakaanza kucheza, ndugu na majirani huwa na jibu moja: uzee umebisha hodi. Akisema fizi zinatoka damu anapopiga mswaki asubuhi, ataambiwa anasugua kwa nguvu mno, au abadilishe dawa ya meno. Kinywa kikitoa harufu, wengi hawamwambii lolote, wanasogeza kiti tu.

Majibu hayo yamewagharimu watu wengi meno yao. Uzee peke yake hauondoi meno. Kinachoyaondoa mara nyingi ni ugonjwa wa fizi, na kati ya mambo yanayoupa ugonjwa huo nguvu, kisukari kiko mstari wa mbele. Kuna watu ambao fizi zao zilikuwa za kwanza kutoa taarifa kwamba sukari iko juu, lakini hakuna aliyezisikiliza.

Wanaoishi na kisukari hukumbushwa mara kwa mara kuchunga miguu isipate vidonda, kupima macho na kuangalia figo. Ni ushauri mzuri na usiachwe. Ila kinywa nacho kinapaswa kuwa kwenye orodha hiyo, kwa sababu kinaharibiwa na sukari na kikishaharibika kinaipandisha sukari yenyewe. Makala haya yanaeleza jinsi mambo hayo mawili yanavyoshikana, na nini familia ya Mpanda, Inyonga, Karema au Majimoto inaweza kufanya kwa mswaki, maji na safari moja au mbili za kliniki.

Ugonjwa unaozidi kuongezeka

Mwaka 1989 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha utafiti wa Dk McLarty na wenzake waliopima watu wazima zaidi ya 6,000 katika vijiji sita vya Tanzania. Waliokutwa na kisukari walikuwa asilimia 0.87, yaani hata mmoja katika kila mia hakufika.

Mwaka 2012 ulifanyika utafiti wa kitaifa wa viashiria vya magonjwa yasiyoambukiza kwa watu wa miaka 25 hadi 64. Safari hii waliokutwa na sukari iliyopanda kufikia kiwango cha kisukari walikuwa asilimia 9.1. Tafiti hizi mbili hazilingani kwa kila kitu, kwa kuwa ule wa kwanza ulikuwa wa vijijini tu na upimaji ulitofautiana. Hata hivyo mwelekeo hauna ubishi. Ugonjwa uliokuwa wa watu wachache sasa uko karibu katika kila ukoo.

Kwa mujibu wa Shirikisho la Kimataifa la Kisukari, mwaka 2021 kulikuwa na watu wazima milioni 537 wenye kisukari duniani, na zaidi ya nusu ya walio Afrika hawakuwa wanajua kuwa wanacho. Hapo ndipo kinywa kinapopata umuhimu. Mtu asiyejua kuwa ana kisukari hana sababu ya kwenda kliniki ya kisukari, lakini jino likimuuma atakwenda kwa mtaalamu wa meno. Mtaalamu huyo akikuta fizi zimeoza kuliko umri wa mgonjwa unavyoruhusu, majipu yanayorudirudi, au kidonda cha jino lililong'olewa kisichotaka kufunga, swali la kwanza linapaswa kuwa: umewahi kupima sukari?

Sukari inafanya nini kwenye fizi

Kila kinywa kina bakteria. Baada ya kula, bakteria hao pamoja na mabaki ya chakula hutengeneza utando laini unaonata kwenye meno, ambao Kiswahili kinauita ukoga. Ukoga ukipigwa mswaki unatoka. Usipotolewa, baada ya siku kadhaa unaanza kuwa mgumu kama chokaa, hasa nyuma ya meno ya mbele ya chini na kwenye mpaka wa jino na ufizi. Ukishakuwa mgumu ni ugaga, na ugaga hautoki kwa mswaki. Unatolewa na mtaalamu kwa kifaa maalumu.

Bakteria wanaokaa kwenye ukoga na ugaga huuchokoza ufizi. Mwanzoni ufizi unavimba, unakuwa mwekundu na kutoka damu ukiguswa. Hatua hii inarekebishika kabisa: meno yakisafishwa vizuri ufizi unarudi katika hali yake. Usafi ukikosekana, uvimbe unashuka chini, ufizi unaachana na jino na kutengeneza kijishimo. Ndani ya kijishimo hicho bakteria wanazaliana mahali ambapo mswaki haufiki, na mfupa ulioshikilia jino unaanza kuliwa taratibu. Mfupa ukishaliwa haurudi wenyewe. Mwisho jino linacheza, kisha linatoka hata kama halina tundu.

Kisukari kinaingia hapa kwa njia nne.

Njia ya kwanza ni mishipa midogo ya damu. Sukari ikikaa juu muda mrefu, mishipa ile inaharibika, kama inavyoharibika kwenye macho na figo. Ufizi unapata damu kidogo, kwa hiyo unapata chakula na kinga kidogo.

Njia ya pili ni askari wa mwili. Chembe nyeupe za damu, ambazo kazi yake ni kupigana na vijidudu, hufanya kazi kwa ulegevu sukari inapokuwa juu. Kidonda kidogo ambacho kwa mtu mwingine kingepona kwa siku chache kinakaa muda mrefu.

Njia ya tatu ni mate. Mtu mwenye sukari nyingi hukojoa sana, mwili unapoteza maji na kinywa kinakauka. Mate ndiyo yanayosuuza meno na kupunguza asidi mchana kutwa. Yakipungua, meno yanatoboka kwa urahisi na kinywa kinanuka. Zaidi ya hapo, sukari ya damu ikipanda, hata mate yanakuwa na sukari zaidi, na hicho ni chakula cha bakteria na fangasi.

Njia ya nne ni uvimbe wenyewe. Kwa mwenye kisukari kisichodhibitiwa, mwili hujibu bakteria wa kwenye fizi kwa ukali uliopitiliza, na ukali huo unabomoa nyama na mfupa wa mtu mwenyewe.

Ndiyo maana mwaka 1993 mtaalamu wa fizi Harald Löe aliandika katika jarida la Diabetes Care kwamba ugonjwa wa fizi uhesabiwe kuwa madhara ya sita ya kisukari, pamoja na yale ya macho, figo, mishipa ya fahamu, mishipa ya damu na vidonda visivyopona. Alitegemea zaidi tafiti za jamii ya Wapima wa Arizona, Marekani, ambako kisukari aina ya pili kimeenea mno. Huko, wenye kisukari walionekana kuwa katika hatari ya karibu mara tatu ya kupata ugonjwa wa fizi ukilinganisha na wasio nacho.

Fizi nazo zinaipandisha sukari

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba ugonjwa huu unarudisha kisasi. Fizi zilizovimba kinywa kizima ni kidonda kikubwa kilichojificha. Kutoka kwenye kidonda hicho, bakteria na kemikali za uvimbe huingia kwenye damu kila siku. Kemikali hizo zinaufanya mwili usiitikie vizuri insulini, iwe ni ile inayotengenezwa na kongosho au inayochomwa kwa sindano. Sukari inapanda ingawa dawa ni zilezile na chakula ni kilekile.

Mgonjwa wa namna hii hulaumiwa nyumbani kwamba anakula kwa siri. Kliniki anaongezewa kipimo cha dawa. Hakuna anayemwambia afungue kinywa.

Habari njema ni kwamba mzunguko huu unaweza kukatwa. Mwaka 2022 taasisi ya Cochrane, ambayo kazi yake ni kukusanya na kuchuja tafiti za kitabibu, ilitoa tathmini ya tafiti zilizofanywa kwa wagonjwa wenye kisukari na ugonjwa wa fizi. Waliosafishwa fizi kitaalamu walipungua kiwango cha HbA1c kwa takriban asilimia 0.4 baada ya miezi mitatu hadi minne, wakilinganishwa na wasiosafishwa.

HbA1c ni kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari ya damu kwa kipindi cha karibu miezi mitatu. Kwa wagonjwa wengi lengo ni kuwa chini ya asilimia 7. Kwa mtu mwenye 7.4, kushuka kwa 0.4 ni kufika mlangoni. Kuna dawa za kisukari zinazoongezwa juu ya nyingine kwa ajili ya kupata nafuu ya kiasi hicho. Kusafisha fizi hakuchukui nafasi ya vidonge wala insulini, na mtu asithubutu kuacha dawa kwa kuwa amesafishwa meno. Ila ni msaada wa kweli.

Dalili ambazo haziumi

Kinachofanya ugonjwa wa fizi uwe wa hatari ni ukimya wake. Jino lililotoboka linauma, linakesha na mtu, na mwishowe linampeleka hospitali. Fizi zinaweza kuoza miaka kumi bila maumivu ya maana. Maumivu yakija, mara nyingi mfupa umeshakwenda.

Kwa hiyo mwenye kisukari asisubiri maumivu. Aangalie dalili hizi:

• Damu kwenye mswaki, kwenye mate, au kwenye tunda alilong'ata. Fizi zenye afya hazitoki damu kwa kupigwa mswaki.

• Fizi nyekundu, zilizovimba au zinazong'aa.

• Meno yanayoonekana kurefuka. Meno ya mtu mzima hayakui. Ni fizi zinazoshuka.

• Nafasi mpya kati ya meno, au meno ya mbele kuanza kutawanyika.

• Jino kucheza, au usaha ukibonyeza ufizi.

• Harufu mbaya ya kinywa isiyoondoka hata baada ya kupiga mswaki.

• Kinywa kukauka, ulimi kuwaka moto, au utando mweupe unaokwanguka ukaacha wekundu. Huo mara nyingi ni fangasi.

Katavi kuna jambo la ziada. Tumbaku ni zao la biashara la mkoa huu na wapo wanaoilima, wanaoivuta na wanaoiweka mdomoni. Mvutaji hupata ugonjwa wa fizi kwa urahisi zaidi, lakini fizi zake zinaweza zisitoke damu sana kwa sababu nikotini hubana mishipa midogo. Anajiona salama kumbe dalili ndiyo iliyofichwa. Mwenye kisukari anayevuta amebeba mizigo miwili juu ya fizi zilezile.

Jambo lingine ni dawa za presha. Wengi wenye kisukari wana presha pia, na baadhi ya dawa zake, hasa nifedipini na kwa kiasi fulani amlodipini, zinaweza kufanya fizi ziote na kufunika meno. Ukiona hivyo usiache dawa. Mweleze daktari wako, kwani anaweza kukubadilishia, na usafi mzuri wa kinywa hupunguza tatizo hilo.

Mezani: wali, asali na chai

Mkoa huu umebarikiwa chakula. Mpunga wa Mpimbwe unajulikana hadi nje ya mkoa, mahindi yapo, Ziwa Tanganyika linaleta migebuka na dagaa, na misitu ya Mlele inatoa asali. Kwa mwenye kisukari, baadhi ya baraka hizo zinahitaji kipimo.

Asali ndiyo inayoleta ubishi mkubwa. Watu wengi wanaamini kwamba kwa kuwa ni ya asili haina neno, na wengine wanaiweka kwenye chai badala ya sukari wakidhani wamejikinga. Sehemu kubwa ya asali, karibu asilimia 80, ni sukari. Inapandisha sukari ya damu, na kwa kuwa inanata, inakaa kwenye meno. Kuwa ya asili hakuifanyi iwe dawa ya kisukari.

Kwa meno, si wingi wa sukari tu unaohesabika, ni mara ngapi kwa siku meno yanaguswa nayo. Kila mara unapokunywa chai ya sukari, soda au kinywaji cha kuongeza nguvu, bakteria hutengeneza asidi kwa muda wa nusu saa hivi. Dereva wa bodaboda anayefungua chupa asubuhi na kunywa kidogokidogo hadi mchana anayaogesha meno yake kwa asidi nusu siku. Muwa wa kutafuna njiani nao ni hivyohivyo.

Kuna mtego mwingine unaozungumzwa kwa nadra. Mtu akipoteza magego, hawezi tena kutafuna karanga, mboga zenye nyuzi, nyama au matunda magumu. Anahamia kwenye uji, wali laini, ugali wa kumeza na viazi. Hivyo vyote ni wanga unaoyeyuka haraka na kupandisha sukari. Ugonjwa wa fizi ulimnyang'anya meno, na kukosa meno kunamnyang'anya mlo ambao ungemsaidia. Katika familia yenye mzee wa namna hiyo, msaada ni kumpikia vyakula laini visivyo vya wanga mtupu: maharage yaliyoiva sana, mlenda, dagaa waliosagwa, samaki aliyetolewa miiba, kisamvu kilichotwangwa vizuri. Na kama meno ya bandia yanapatikana, si urembo. Ni sehemu ya kumlisha.

Kazi ya nyumbani

Usafi wa kinywa kwa mwenye kisukari hauhitaji vitu vya gharama. Unahitaji kufanywa kila siku na kufanywa sawasawa.

Piga mswaki mara mbili kwa siku, kwa dakika mbili. Wa usiku ndio muhimu zaidi, kwa sababu mtu akilala mate hupungua na bakteria hupata uwanja. Wengi wetu tumezoea wa asubuhi tu, tena kabla ya chai, kisha tunalala na mabaki ya chakula cha jioni.

Tumia mswaki laini na dawa ya meno yenye floraidi. Maandishi ya kwenye boksi yatakuonyesha. Elekeza nywele za mswaki kwenye mpaka wa jino na ufizi, kwa mshazari, na uzungushe taratibu. Kusugua kwa nguvu kama unaosha sufuria kunakwangua ufizi. Ukimaliza tema povu, usisuuze kwa maji mengi, ili floraidi ibaki ikifanya kazi.

Fizi zikitoka damu usiziogope ukaacha kuzipiga mswaki. Hapo ndipo wengi wanapokosea. Damu inatoka kwa sababu ya uchafu, na ukiacha kusafisha uchafu unaongezeka. Safisha kwa upole. Kama damu haikomi baada ya wiki moja au mbili za usafi mzuri, nenda ukaonwe.

Mswaki wa mti unasafisha meno ukitumiwa vizuri na wazee wetu wameutumia vizazi vingi. Tatizo ni kwamba wengi husugua meno ya mbele tu. Ukiutumia, tafuna ncha yake hadi ilainike, ufikishe nyuma na kwenye magego, na usikose dawa yenye floraidi walau mara moja kwa siku. Mkaa, mchanga na majivu hukwangua meno, viache.

Katikati ya meno mswaki haufiki. Uzi wa meno ukipatikana utumie mara moja kwa siku. Kijiti cha kuchokolea kitumike kwa upole. Pini, wembe na ncha ya kisu visiguse fizi za mtu mwenye kisukari.

Kinywa kikikauka, kunywa maji mara kwa mara, kidogokidogo. Pipi za kulainisha koo zinaongeza tatizo. Mwenye meno ya bandia ayavue usiku, ayasafishe na kuyaweka kwenye maji safi, kwani kulala nayo kunaalika fangasi.

Na kila mtu awe na mswaki wake. Bado zipo nyumba ambako mswaki mmoja unazunguka kwa watoto wote. Ubadilishwe kila baada ya miezi mitatu, au mapema ukichakaa.

Siku ya kwenda kwa mtaalamu wa meno

Mwenye kisukari anashauriwa kuonwa kinywa angalau mara moja kwa mwaka, hata kama hana maumivu, na mara nyingi zaidi kama fizi zimeshaanza kuugua. Wengi huenda wakiwa na jino la kung'oa tu. Omba huduma ya kusafishwa meno na kukwanguliwa ugaga. Ndiyo inayozuia kung'olewa. Ukiwa kliniki ya kisukari, muulize mhudumu huduma hiyo inatolewa wapi karibu nawe. Anayetoka Karema kuja Mpanda anasafiri zaidi ya kilomita 100, kwa hiyo ni busara kupanga siku ya meno ilingane na siku ya kliniki.

Kabla ya kukaa kwenye kiti, sema mapema: nina kisukari, natumia dawa hizi, kipimo changu cha mwisho kilikuwa hiki. Beba kadi ya kliniki. Usifiche kwa kuogopa kukataliwa. Ganzi, dawa ya maumivu na muda wa kupona vyote vinategemea taarifa hiyo.

Usiende na njaa. Wapo wanaofunga wakidhani jino linang'olewa tumbo likiwa tupu, lakini dawa wameshameza au insulini wameshachoma. Hapo sukari inaweza kushuka ghafla. Isipokuwa umeelekezwa vingine, kula kama kawaida, tumia dawa zako kwa wakati, na omba kuhudumiwa asubuhi.

Ukianza kutoka jasho, kutetemeka, kusikia njaa kali, moyo kwenda mbio au kuchanganyikiwa, mwambie mhudumu papo hapo. Sukari ikiwa chini ya 4 kwenye kipimo cha milimoli kwa lita, unahitaji vijiko vitatu hadi vinne vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu glasi ya soda yenye sukari. Pima tena baada ya dakika 15. Huu ndio wakati pekee ambao soda ni dawa kwa mwenye kisukari.

Kuna imani kwamba mwenye kisukari hang'olewi jino kwa kuwa atatoka damu hadi afe. Si kweli. Sukari ikiwa imedhibitiwa, jino linang'olewa na kidonda kinapona. Sukari ikiwa juu sana, mtaalamu anaweza kuahirisha ili ishushwe kwanza, isipokuwa pakiwa na usaha au hali ya dharura. Anayekaa nyumbani na jino bovu kwa kuogopa kung'olewa anaendelea kulisha maambukizi yanayoipandisha sukari yake.

Usisubiri asubuhi

Jipu la jino kwa mwenye kisukari si jambo la kutibiwa kwa karafuu na maji ya chumvi pekee. Maambukizi yanaweza kusambaa haraka kwenda chini ya taya na shingoni. Uvimbe ukishuka shingoni, mdomo ukishindwa kufunguka, kumeza mate kukiwa kugumu, sauti ikibadilika, homa ikapanda au pumzi ikabana, hiyo ni dharura. Mtu apelekwe hospitali usiku huohuo, kwa sababu uvimbe huo unaweza kuziba njia ya hewa.

Wapo wanaoweka maji ya betri au petroli kwenye jino ili kulinyamazisha. Vitu hivyo vinaunguza ufizi na mfupa, na kwa mwenye kisukari kidonda hicho kinaweza kukaa miezi. Vivyo hivyo kumeza antibayotiki zilizobaki za mtu mwingine: uvimbe unapungua siku mbili, chanzo kinabaki, na ugonjwa unarudi ukiwa umezoea dawa.

Ni jambo la nyumba nzima

Mtoto mwenye kisukari aina ya kwanza ajengewe mazoea ya mswaki wa usiku mapema, na mzazi amsimamie mpaka awe na umri wa miaka saba au nane. Akipewa kitu cha sukari usiku kwa kuwa sukari imeshuka, asuuze kinywa kwa maji akishapata nafuu.

Mama mjamzito fizi zake huvimba kwa urahisi kutokana na homoni, na akiwa na kisukari cha ujauzito hatari ni mara mbili. Kusafishwa meno wakati wa ujauzito ni salama. Dhana kwamba mjamzito asiguswe meno kabisa imewaacha wengi wakiteseka bila sababu.

Mzee asiyeona vizuri au mwenye ganzi mikononi hawezi kujisafisha ipasavyo. Funga kitambaa kwenye mpini wa mswaki uwe mnene na ushikike, na mjukuu amsaidie usiku. Mara moja kwa wiki, mtu mwenye macho mazuri amwangalie kinywani kwa tochi ya simu, kama mnavyomwangalia nyayo.

Na kwa asiyejua hali yake: kama fizi zinatoka damu, meno yanacheza, unakojoa mara nyingi usiku, una kiu isiyokwisha au unapungua mwili bila kujua sababu, pima sukari. Kipimo ni tone moja la damu kidoleni. Kabla ya kula chochote asubuhi, 7 au zaidi ni kiwango cha kisukari, na kitathibitishwa kwa kipimo cha pili.

Leo usiku, kabla hamjazima taa, simama mbele ya kioo, vuta mdomo wa chini na uangalie fizi zako. Kisha muite na mwenzako aangalie zake.